Maradhi ya Ngiri na Tiba Zake

Yako maradhi ambayo watu huyataja barazani bila haya, kama homa, mafua na maumivu ya jino; na yako mengine ambayo mtu huyaficha hata mbele ya jamaa zake wa karibu. Ngiri ni katika hayo ya pili. Hutokea kinenani, karibu na sehemu za siri, na kwa hiyo hutajwa kwa kunong'ona. Nimeamua kukuandikia habari zake, msomaji kijana, kwa sababu mbili. Ya kwanza, maradhi haya ni ya watu wengi mno. Kwa hesabu ya wataalamu, katika kila wanaume 100, wapatao 27 hupatwa na ngiri ya kinena wakati fulani wa maisha yao, na katika kila wanawake 100, wapatao 3. Ya pili, tiba yake ina njia zaidi ya moja, na mgonjwa asiyezijua njia hizo huiachia hofu yake imchagulie.

Kwanza yafaa tujue ngiri ni kitu gani. Tumbo lina ukuta wa misuli na kano uliotanda mbele na pembeni, na kazi yake mojawapo ni kuuzuia utumbo usitoke mahali pake. Ukuta huo una sehemu zake dhaifu: kitovuni, kinenani, na mahali palipowahi kupasuliwa zamani. Sehemu dhaifu ikifunguka, ngozi laini iliyolitandika tumbo kwa ndani hujipenyeza nje kama kifuko, na utumbo huweza kuifuata. Uvimbe unaoonekana hapo ndio ngiri. Mtu akisimama, akikohoa au akiinua mzigo, hutokeza. Akilala chali, aghalabu hurudi ndani.

Wanaume hupatwa zaidi kwa sababu ya maumbile yao. Mtoto mwanamume akiwa bado tumboni mwa mamaye, korodani zake huumbika ndani ya tumbo, kisha huteremka kupitia njia nyembamba iliyoko kinenani. Njia hiyo hutakiwa kuzibika. Isipozibika, mtoto huweza kupatwa na ngiri angali mchanga. Na hata ikizibika, mahali pale hubaki padhaifu kuliko pengine. Kazi nzito, kikohozi cha muda mrefu na kujikamua chooni huongeza nguvu inayousukuma ukuta kutoka ndani. Tena maradhi haya huonekana zaidi katika baadhi ya jamaa, kwa kuwa udhaifu wa kano huweza kurithiwa. Uchawi haumo katika hesabu hii. Wala ngiri si busha. Busha ni maji yaliyojaa katika mfuko wa korodani; ngiri ni kitu cha tumboni kilichotoka mahali pake. Huku kwetu pwani, ambako busha limejulikana tangu kale, watu huyachanganya maradhi haya mawili, na mtu huweza kukaa miaka akidhani ana hili kumbe ana lile.

Mimi ni mwalimu, na umri wangu ni miaka 35. Miaka miwili iliyopita niliona uvimbe mdogo, kama yai la njiwa, katika kinena changu cha kulia. Haukuniuma, ila ulikuwa mzito jioni baada ya kusimama darasani kutwa. Nilipokwenda nyumbani kwa likizo nilimweleza mama, na mama akamweleza baba. Usiku ule baba aliniita uani. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akakaa kimya muda mrefu. Hatimaye akasema, "Mwanangu, hilo ulilonalo, mimi ninalo tangu wewe ulipokuwa darasa la pili." Akafunua shati lake akanionyesha mkanda mpana wa turubai alioushona mwenyewe, wenye pedi ya kitambaa mbele, ambao kwa miaka 26 aliufunga kila alfajiri kabla ya kutoka kitandani.

Baba yangu alikuwa hamali katika bandari ya Mombasa. Alibeba magunia ya sukari, ya kahawa na ya saruji, na mkanda ule ukiwa kiunoni. Sikupata kujua. Nilimwuliza kwa adabu kwa nini hakwenda hospitali. Akanisimulia habari ya mwenziwe wa kazi, mtu mwenye nguvu, ambaye ngiri yake ilikataa kurudi ndani siku moja ya Jumatano. Alikaa nyumbani akikandwa kwa maji moto na mafuta. Ijumaa, tumbo likiwa limefura na akitapika, alipelekwa hospitali, akapasuliwa, na usiku ule akafa. "Toka siku hiyo," alisema baba, "nilikiogopa kisu."

Msomaji, uzingatie kisa hicho, kwa maana watu wengi wanacho kinachofanana nacho. Utumbo ukipenya katika tundu jembamba huweza kubanwa shingoni, kama mfuko uliofungwa kamba. Damu haiendi tena. Baada ya saa chache nyama ya utumbo huanza kufa, kisha hutoboka, na sumu yake huenea tumboni. Hiyo ndiyo ngiri iliyonyongwa. Dalili zake ni uvimbe mgumu wenye maumivu makali, usiorudi ndani, pamoja na kutapika, na choo na upepo kufunga. Pengine ngozi ya juu hugeuka rangi. Mtu huyo hana saa ya kungoja. Wala asikandwe, wala uvimbe usisukumwe kwa nguvu. Yule hamali alifika mezani mwa daktari akiwa amekwisha poteza siku mbili, na siku hizo mbili ndizo zilizomuua. Watu wa mtaani walikumbuka kisu tu, kwa sababu kisu ndicho kilichotangulia kifo mbele ya macho yao.

Nilimwomba baba tufuatane, akakubali kwa sharti kwamba mimi nitangulie kuingia chumbani. Daktari mpasuaji alitukagua mmoja mmoja. Ngiri ya baba ilikuwa kubwa, imeshuka katika mfuko wa korodani, na kurudi kwake ndani kulikuwa kwa shida. Kwangu mimi ziligunduliwa ngiri mbili ndogo, moja kila upande. Ya kushoto sikuwa na habari nayo. Kisha daktari akatuketisha, akatueleza kwamba hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka inayoweza kuufunga ukuta uliofunguka. Mkanda nao huzuia tu, hautibu. Njia zilizobaki ni kungoja kwa uangalifu, au kupasuliwa; na kupasuliwa kuna aina zake.

Kungoja si upuuzi kwa kila mtu. Mwaka 2006 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Amerika ya Kaskazini juu ya wanaume 720 wenye ngiri za kinena zisizowasumbua sana. Nusu yao walipasuliwa, nusu wakaambiwa wangoje. Miongoni mwa waliongoja, waliopatwa na dharura walikuwa wachache, chini ya wawili kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Lakini walipofuatwa kwa miaka kumi, zaidi ya theluthi mbili yao walikuwa wamerudi kupasuliwa, hasa kwa sababu ya maumivu. Basi kungoja huahirisha safari. Mara nyingi hakuifuti. Tena yafaa tukumbuke kwamba mtu anayengoja akiwa karibu na hospitali yenye mpasuaji hayuko sawa na yule anayengoja kisiwani, au mahali ambapo gari hupita mara moja kwa siku.

Aina ya kwanza ya upasuaji ni kushona. Aliyeiweka katika utaratibu mwema alikuwa Edoardo Bassini, Mtaliano. Katika ujana wake, mwaka 1867, alichomwa singe kinenani katika vita vya kuiunganisha Italia, akateseka muda mrefu kwa jeraha lile. Baadaye akawa mwalimu wa upasuaji katika mji wa Padua, na katika miaka ya 1880 akabuni njia ya kukifunga kifuko cha ngiri na kuushona upya ukuta wa kinena kwa tabaka zake. Kabla yake ngiri nyingi zilizopasuliwa zilirudi. Kwa njia yake zilizorudi zilikuwa chache. Mkanada Edward Earle Shouldice alifuata nyayo hizo, akashona tabaka juu ya tabaka, na mwaka 1945 akafungua hospitali ya ngiri katika mji wa Toronto. Njia yake ingali inaheshimiwa. Sifa ya kushona ni kwamba hakuachi kitu kigeni mwilini. Upungufu wake ni kwamba kingo huvutwa zikutane, na mahali palipovutwa sana huuma, na huweza kuachia tena, hasa ikiwa mikono iliyoshona haikuizoea kazi hiyo.

Aina ya pili ni kutia wavu. Mwaka 1958 Francis Usher, mpasuaji wa Texas nchini Marekani, alitangaza habari za wavu wa plastiki unaoweza kukaa mwilini bila kuoza. Katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Los Angeles aliutumia wavu wa namna hiyo kwa njia nyepesi: hakuzivuta kingo, bali aliutandika wavu juu ya udhaifu na kuushikiza, na nyama ya mwili ikaota katika vitundu vyake. Mgonjwa hutiwa ganzi mahali pale tu, na aghalabu hurudi nyumbani siku ile ile. Ubaya wake upo pia. Mara chache wavu huingiwa na vijidudu; na mtu kama mmoja katika kumi hubaki na maumivu ya muda mrefu kinenani, ingawa kwa wengi wao si makali.

Aina ya tatu ni ya kamera. Hii ilianza kuenea katika miaka ya 1990. Mpasuaji hutoboa matundu madogo, kwa kawaida matatu, hujaza hewa ya kaboni ili apate nafasi, huingiza kamera na vyombo vyembamba, na huutandika wavu nyuma ya ukuta, upande wa ndani. Maumivu ya siku za kwanza huwa machache, na mtu hurudi kazini mapema. Humfaa hasa aliye na ngiri pande zote mbili, kwa kuwa zote hutengenezwa kwa matundu yale yale, na yule ambaye ngiri yake imerudi baada ya kupasuliwa kwa mbele. Lakini kwa kawaida huhitaji nusukaputi, yaani dawa ya kumlaza mtu usingizi kabisa; huhitaji vyombo vya bei kubwa; na huhitaji mpasuaji aliyejifunza kwa kurudia kazi hiyo mara nyingi.

Baba alisikiliza yote hayo akitazama sakafu. Kisha akauliza swali lililokuwa moyoni mwake miaka yote ile: "Daktari, nikipasuliwa nitabaki mwanamume?" Daktari hakucheka. Alimjibu, "Mzee wangu, mishipa ya korodani hupita karibu na mahali ninapofanya kazi, nami huitenga kwanza na kuilinda. Yaweza kudhurika, lakini ni nadra. Kazi hii haikuondolei uume wako." Baba akauliza la pili: kwa nini atiwe wavu, asishonwe tu? Hapo nikaomba ruhusa nimjibu mimi. Nikamwambia, "Baba, gunia likichakaa likapasuka, ukizivuta kingo ukashona, je, hukaa?" Akajibu upesi, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kazi yake, "Hupasuka kando ya uzi. Gunia lililochakaa hutiwa kiraka." Kisha akanyamaza, akatikisa kichwa, akasema, "Basi na nitiwe kiraka."

Tuliamuliwa tiba mbalimbali, baba na mwana wenye maradhi mamoja. Baba ana miaka 66, na vumbi la saruji limemwachia kikohozi na pumzi fupi. Kwake nusukaputi ilikuwa hatari isiyo na lazima, na ngiri yake isiyorudi vizuri haikustahili kungojwa sana. Alitibiwa kikohozi kwanza, akaambiwa aache sigara, na baada ya wiki tatu alitiwa ganzi ya mahali, akatiwa wavu kwa mbele. Alikuwa macho wakati wote, akizungumza na muuguzi habari za bandari. Mimi mapafu yangu ni mazima, ngiri zangu zilikuwa mbili na ndogo, wala hazikuwa na haraka. Daktari aliniambia wazi kwamba angeweza kuzitengeneza kwa mbele, lakini kwamba iko hospitali nyingine yenye kamera, na mpasuaji aliyeizoea. Nilingoja miezi minne, nikakopa sehemu ya gharama katika chama cha akiba na mikopo cha walimu, nikaenda.

Sitakwambia kwamba hatukuumwa. Baba alivimba, akawa mweusi kinenani kwa muda wa wiki mbili, na ngozi iliyo karibu na kovu lake ilikuwa na ganzi kwa miezi. Mimi kinena hakikunisumbua sana. Kilichonishangaza ni bega, lililouma siku tatu kwa sababu ya hewa ile iliyojazwa ndani. Nilirudi darasani baada ya siku kumi. Baba alikatazwa mizigo mizito kwa wiki kadhaa, akatii, ingawa siku moja mama alimkuta akilizunguka gunia la unga kama anayelipima kwa macho. Mkanda wake aliuchana mwenyewe, akatoa turubai yake kuzibia kiti kilichotoboka.

Wapo watakaosema kwamba habari za wavu ni za matajiri. Neno hilo halina nguvu leo kama lilivyokuwa zamani. Wapasuaji wa India walianza kuutumia wavu wa chandarua uliokatwa na kutakaswa vizuri badala ya ule wa kiwandani. Jambo hilo likapimwa mashariki ya Uganda, kwa jirani zetu, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2016. Wanaume 302 waligawanywa kwa kura: wengine walitiwa wavu wa kiwandani wa thamani ya dola 125 hivi, wengine wavu wa chandarua wa thamani ya dola moja. Baada ya mwaka mmoja, ngiri iliyorudi ilikuwa moja tu kwa wale wa chandarua, na kwa wale wengine haikurudi hata moja. Maumivu na matatizo mengine yalikuwa karibu sawa. Usidhani kwamba chandarua cha kitandani chafaa kukatwa na kutumiwa: ule ulikuwa wavu wa plastiki maalumu, usio na dawa ya mbu, uliotakaswa kwa mvuke wa moto chini ya uangalizi wa wataalamu.

Yafaa pia niseme habari za wasioingia katika hesabu ya baba na mwana. Mtoto mchanga mwenye ngiri ya kitovu kwa kawaida huachwa, kwa kuwa kitovu hufunga chenyewe kabla ya miaka minne au mitano. Kumfunga sarafu juu yake hakusaidii. Lakini mtoto mwenye ngiri ya kinena asingojwe. Hupasuliwa, kifuko chake hufungwa, na wavu hauhitajiwi, kwa maana mwili wake bado unakua. Mwanamke naye asidhani kwamba maradhi haya ni ya wanaume peke yao. Iko ngiri itokeayo chini kidogo ya mkunjo wa kinena, juu ya paja, ambayo huwapata zaidi wanawake, nayo hunyongwa upesi kuliko nyingine. Kwa hiyo mwanamke mwenye uvimbe kinenani haambiwi angoje.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwanafunzi asiyeuliza swali ndiye wa kuangaliwa zaidi. Naona neno hilo lafaa hata hospitalini. Mgonjwa anayetakiwa kutia sahihi karatasi ya ridhaa ana haki ya kujua anaridhia nini. Aulize: Je, ngiri yangu yaweza kungoja, na kwa hatari gani? Nitashonwa au nitatiwa wavu, na kwa nini? Nitatiwa ganzi ya mahali, au nitalazwa usingizi? Wewe daktari, kazi ipi katika hizi waifanya mara nyingi? Na nikirudi nyumbani, ni dalili gani zitakazonipasa kurudi mbio? Swali la nne laweza kuonekana la ufidhuli, lakini daktari mwema hulijibu kwa furaha. Njia yenye sifa kubwa, mikononi mwa asiyeizoea, hushindwa na njia ya kawaida mikononi mwa aliyeizoea.

Duniani kote watu zaidi ya milioni 20 hupasuliwa ngiri kila mwaka, na walio wengi hupona wakaendelea na kazi zao. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Baba yangu aliyaficha miaka 26, akaponea chupuchupu, mwenziwe hakuponea. Wewe unayesoma kurasa hizi huenda kesho ukawa mpasuaji, na huenda ukawa mgonjwa. Lakini kabla ya hayo wewe ni mtoto wa mtu. Mzazi wako akikwambia habari za mwili wake kwa sauti ya chini, jua kwamba imemgharimu kuzitamka. Msikilize mpaka mwisho, usimkatize. Kisha mwulize ni siku gani mtafuatana kwenda hospitali.